Wavuvi wangu wananiita shemeji

Mtu wa Giza (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, wa kusoma asome wa kupita apite, ila matusi naomba muyapunguze maana hapa nilipo nimechoka.

Mimi ni mvuvi, tajiri mdogo wa mitumbwi, miaka 41. Mke wangu ana 36, humu nitamwita Mama Kulwa, wenye akili mmeshajua tuna mapacha. Tunaishi Buhongwa, kazi zangu ziko ng'ambo upande wa Sengerema, mwalo (pale mitumbwi inaposhushia samaki) siutaji kwa sababu nusu ya watu wa pale wanapita humu.

Tulioana 2011. Kipindi hicho nilikuwa na mitumbwi mitatu ya sangara, na sangara ilikuwa bado sangara, unapeleka mzigo kiwandani, mabondo (vile vibofu vya hewa vya sangara) unayaweka pembeni, wanunuzi wanayagombania kwa sababu yanaenda China. Nyumba ya Buhongwa ni hela ya mabondo ile, bati na vigae vyote. Mama Kulwa alikuwa nyumbani. 2014 akaanza kulalamika anakaa bure, nikampa ndoo mbili za dagaa wabichi nikamwambia anika uuze upate hela ya saluni. Hayo maneno ya saluni nimeyasema kwa mdomo wangu na mwenzangu anayakumbuka mpaka leo.

Nikamfundisha kazi. Hapo ndo panaponiuma kuliko pote. Mimi ndo nilimwonyesha kwamba dagaa mkavu vizuri ukimkunja anavunjika, hapindi, na rangi yake ni ya fedha, ukiona kawa wa kahawia ujue alinyeshewa. Mimi ndo nilimwambia giza, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa anavuliwa kwa taa, linaanza lini na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala kwa hiyo mzigo wa siku zile uuze pole pole. Mimi ndo nilimtajia nahodha yupi anauza ndoo mbili tatu huko huko majini kabla hajafika mwaloni afu anakuja na sura ya huzuni. Yote haya nilimpa bure kwenye mkeka, tunakula ugali.

2018 ile operesheni ya uvuvi haramu ilipopita, nyavu zangu zilikuwa na macho madogo kuliko kipimo. Sitadanganya, nilijua, na wenzangu walijua za kwao. Zikachomwa naziangalia. Nikabaki na mitumbwi na maboya. Nikaamua kuhamia dagaa, na hapo ndo tukawa mimi na mke wangu tuko kwenye biashara moja.

Sasa mwenzangu akajenga chanja. Sisi wote tunaanika mchangani, yeye analeta fundi, nguzo, wavu juu, watu wanamcheka eti anawajengea dagaa kitanda. Na mimi nilicheka. Kumbe mnunuzi wa Kongo akifika pale sokoni Mwaloni Kirumba anatia mkono kwenye gunia, anatafuna mmoja, akisikia mchanga kwenye meno anasogea kwa mwingine bila hata kuaga. Ndani ya misimu miwili wakawa wanampigia simu yeye kabla hawajavuka mpaka.

Bado nikawa na umuhimu wangu kwenye feri. Kigongo na Busisi nilikuwa nawajua watu, foleni ikiwa ndefu na dagaa ziko juu ya gari na wingu limekaa vibaya, mimi ndo wa kupigiwa. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3, fuso yake inavuka ukiwa hujamaliza kumenya karanga. Nilishangilia daraja kama wananchi wengine, sikujua linapita juu ya kichwa changu.

Leo hii mimi nina mtumbwi mmoja unaofanya kazi, mwingine umepandishwa nchi kavu injini imekufa. Yeye ana mitatu, na mitumbwi ya watu wengine anaipa mafuta, betri za taa na unga kwa makubaliano kwamba mzigo wa giza zima ni wake. Wavuvi wangu wawili nilowatoa ushamba wamehamia kwake. Wanamwita bosi. Mimi wananiita SHEMEJI. Mtu nimemnunulia koti lake la mvua la kwanza, leo ananiambia "shemeji, bosi yuko wapi".

Mwaka huu nikachukua mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kali, milioni 2 nifufue injini. Kabla ya hapo nilitaka kuweka hati ya nyumba benki, jina ni langu, ila wakataka sahihi ya mke na mke akakataa, akasema tutalala wapi. Injini nikatengeneza ikafa tena wiki ya tatu. Deni likapanda, nikawa nazima simu. Siku moja ikawa kimya, hawapigi. Nikashukuru Mungu. Baada ya wiki niko kijiweni, yule mkopeshaji anapita na pikipiki anapunguza mwendo anasema "kaka umeoa mwanamke, mshukuru sana". Mbele ya watu. Ndo najua kwamba alilipa, hakuniambia kitu.

Nyumbani nako mambo yamegeuka. Yeye anarudi saa nane usiku ananuka dagaa na dizeli, mimi ndo naamka na watoto, uji, viatu, daftari za hesabu. Sijasema ni vibaya. Mama yangu mzazi alikuja kututembelea akanikuta uani naanika sare za shule, hakusema neno, akaninyang'anya beseni akaanika mwenyewe akiwa amenipa mgongo. Ningetamani angenitukana.

Giza lililopita dagaa zangu nikamuuzia mtu mwingine, ikawa maneno kidogo lakini yakapita. Sasa wiki hii Mama Kulwa kaniwekea chakula, kakaa, kasema kwa upole kabisa: baba Kulwa kwa nini usiwe msimamizi wa mitumbwi yote, yangu na yako, nakupa fungu kama wasimamizi wengine. KAMA WENGINE. Sikumaliza kula.

Swali langu: nikubali, au nihamie Geita au hata Musoma nikaanze upya kivyangu? Nawasilisha.

Simba wa Igoma

Usikubali mkuu. Mwanamke akishakulipa mshahara ndoa imekwisha hapo, kilichobaki ni ajira. Leo msimamizi, kesho anakuuliza ulikuwa wapi saa nne, kesho kutwa anakupa barua ya onyo. Uza huo mtumbwi mbovu nenda Geita, mwanaume hafi njaa.

Kachumbari

Shemeji shikamoo 😂😂 nisamehe kaka nimeshindwa kujizuia. Ila hapo pa "wanawajengea dagaa kitanda" nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Dada wa Mwaloni

Mi nauza dagaa hapo hapo Kirumba mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo ngoja niongee kama mtu wa kazi, mambo ya ndoa nitafuata baadaye.

Kaka umeandika vizuri na umejieleza vizuri, daraja umeeleza, feri umeeleza, koti la mvua umeeleza, yaani kila kitu umekipa aya yake. Ila kuna kitu kimoja umekipitisha haraka haraka kama mtu anayepitisha gunia bovu katikati ya mazuri. "Giza lililopita dagaa zangu nikamuuzia mtu mwingine." Nani? Kwa bei gani? Na mke wako alikuwa anakupa ngapi? Maana sisi tunaokaa pale tunajua, mume wa mnunuzi hauzi kwa mtu mwingine hivi hivi.

Jibu hilo kwanza ndo nikupe ushauri.

Msomi Malimbe

Mimi sio wakili kamili bado nasoma, ila hapo kwenye hati niseme kidogo. Hata kama jina ni lako peke yako, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya familia huwezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzako, kwa hiyo benki hawakukudharau na mke hakukukomoa. Kwa upande wa pili kifungu cha 58 kinasema kuoana hakugeuzi umiliki, yaani mitumbwi yake aliyonunua yeye ni yake, ukianza kuigawa kichwani ujue unagawa cha mtu.

Ila kuna kingine watu wengi hawakijui. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya familia. Ile ilikuwa ya mke, lakini mimi sioni kwa nini uji wako na sare zako visihesabike. Wewe unaona umekaa tu, kumbe fuso ile haivuki daraja saa tisa alfajiri kama hakuna mtu aliyelala na watoto.

Simba wa Igoma

Sheria hizo peleka chuoni huko. Mwanaume anaanika sare mnamwambia ni mchango 😂 taifa limekwisha.

Mama wa Pasiansi

Simba wewe sare zako nani anakuanikia? Tuanzie hapo.

Mwenye uzi pole. Nakuja upande wa mke wako kwa sababu mimi ndo yeye, ila mimi ni nesi na mume wangu ni dereva wa lori. Alinisomesha yeye. Nilipoenda kujiendeleza ada alilipa yeye, nauli yeye, nikarudi nikapandishwa daraja, na barua ya kupandishwa nilikaa nayo kwenye pochi wiki tatu sijamwonyesha. Wiki tatu kaka. Nilikuwa nasubiri siku ambayo atakuwa amepata safari nzuri, amerudi na hela, ndo nimwambie, ili isije ikamkuta vibaya. Kuna wanawake tunaficha maendeleo kama wengine wanavyoficha michepuko, tunayachungulia usiku tukiwa peke yetu.

Sasa lile deni. Wewe umeona amekulipia ili akuaibishe. Mi naona angetaka kukuaibisha angekuambia, angekuambia kila siku, angekuambia ukichelewa kurudi na ukichelewa kuamka. Alilipa akanyamaza. Aliyekuaibisha ni yule wa pikipiki aliyepunguza mwendo. Kosa la mke wako ni moja, alidhani hii Mwanza kuna siri ya hela.

Ila hiyo "kama wasimamizi wengine" hata mimi imenichoma. Hapo aliteleza. Naamini alitafuta namna ya kusema isionekane anakupa msaada, akaangukia upande wa pili.

Mtu wa Giza

Nimesoma zote. Simba nashukuru ila Geita najua watu waliokwenda na wamerudi na malaria tu.

Dada wa Mwaloni umenikamata. Haya, nasema.

Mama Kulwa alikuwa ananinunulia ndoo 22,000 kama anavyowanunulia wengine. Giza lililopita ndo nilikuwa nimetoka kusikia habari ya deni, nikasema dagaa zangu hazigusi. Nikampa jamaa mmoja anayeanika mchangani kwa 18,000. Usiku ule tulipata vizuri, ndoo 60. Piga hesabu mwenyewe, nilitupa 240,000 ziwani nikijua, ili tu asubuhi mtu amwambie mke wangu kwamba mtumbwi wa mume wake haukushusha kwake.

Na haikuishia hapo. Mvua ikapiga siku mbili, zikaoza karibu nusu, jamaa akaziuza za kuku, kanipa nusu ya hela na nyingine ananiambia nisubiri. Mpaka leo nasubiri. Nyumbani nilisema nimeuza "kwa mtu wa Kome". Yeye akasema sawa.

Wavuvi wangu fungu lao lilikuwa dogo kwa ajili ya hasira zangu. Hawajaniuliza. Mmoja wa wale wawili waliohama alihama wiki hiyo. Nimeandika pale juu kama vile alinikimbia tu.

Kachumbari

Duh. Mkuu sasa sicheki.

Dada wa Mwaloni

Ahsante kwa kusema. Sasa ushauri wa kazi.

Usimamizi usikubali, lakini si kwa sababu ya Simba. Usikubali kwa sababu huwezi kazi hiyo kwa sasa. Msimamizi anasimama mwaloni asubuhi anahesabu ndoo mbele ya wavuvi, na wavuvi wakijua kwamba msimamizi ana kinyongo na bosi watakuibieni wote wawili, atakayeonekana mwizi ni wewe. Nimeona hayo kwa ndugu, achilia mbali mume na mke.

Chukua mtumbwi wako mmoja huo huo. Muuzie yeye kwa bei ile ile ya wengine, chukua hela yako mkononi kama wengine, usitake nyongeza ya chumbani na yeye asikukate ya chumbani. Biashara iishie kwenye mzani. Ule mbovu uza bodi, injini uza vipuri, usikope tena kausha damu hata ukisikia injini imeanza kuongea. Kama ni mkopo ingia kikoba chenye watu unaowajua.

Na kuna kazi mke wako hawezi, hata mimi siiwezi: majini. Sisi tunaijua dagaa kuanzia mchangani kuja huku. Wewe unajua zinapolala. Hicho hujamfundisha kwenye mkeka, au umemfundisha?

Mtu wa Giza

Hapana. Hicho hakifundishiki, unakaa na taa majini miaka.

Mzee wa Nansio

Vijana, mimi ni mwalimu mstaafu, niko Ukerewe, huwa nasoma tu sichangii. Leo nimeguswa.

Mimi na mwenzangu tulisoma chuo kimoja cha ualimu, mwaka mmoja, na matokeo yangu yalikuwa mazuri kuliko yake, jambo ambalo nililitaja mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima. Tukapangiwa shule moja. Miaka ikaenda, mwalimu mkuu akastaafu, ikawa inasemwa kwamba atakayeshika ni mimi au mtu wa kuletwa. Nikashona suti. Barua ikaja na jina la mke wangu.

Mnajua kitabu cha mahudhurio cha walimu? Unasaini ukifika, na muda ukipita mwalimu mkuu anachora mstari mwekundu, atakayesaini chini ya mstari amechelewa. Tunaishi nyumba moja. Tunaamka kitanda kimoja. Mimi nikaanza kutafuta vitu vya kufanya asubuhi, mara kuku, mara baiskeli ina pancha, ilimradi nifike amekwisha fika, nione kama atathubutu. Siku ya nne nikakuta mstari umechorwa. Nikasaini chini yake. Wino wake ulikuwa haujakauka vizuri, nikauburuza kwa kidole.

Wiki mbili sikusema naye. Chakula nakula, nakwenda kwa wazee kucheza bao. Yeye hakunibembeleza wala hakuacha kuchora. Walimu wenzetu walikuwa wanaangalia kitabu kile kila asubuhi kuliko wanavyosikiliza taarifa ya habari.

Sikupata hekima yoyote, msije mkafikiri. Nilichofanya ni kuomba uhamisho kwenda shule ya kata ya jirani, kilomita saba kwa baiskeli, kwenda na kurudi, masika na kiangazi. Watu wakasema nimemkimbia mke wangu. Ni kweli, nilimkimbia kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na saa kumi nikarudi kwake kama mtu wa kawaida. Nyumbani tukakubaliana kitu kimoja tu, mambo ya shule yake asinisimulie mpaka nimeoga. Tulikaa hivyo miaka kumi na moja.

Mwanangu, kama mwalo ule una macho mengi, tafuta mwalo mwingine. Nasema mwalo, Musoma sijataja. Mwalo ambao hukumfundisha mtu yeyote kazi na hakuna anayekumbuka mitumbwi yako mitatu. Dagaa mlete kwa mkeo, kama alivyosema huyo binti wa Kirumba. Ila asubuhi yako iwe yako.

Na lile la 18,000 mwambie. Mimi ule wino niliouburuza sikuwahi kumwambia kwamba nilifanya makusudi. Alifariki akiamini mkono uliteleza. Au labda alijua, sasa nitamuuliza nani.

Mama wa Pasiansi

Mzee umeniliza hapa wodini. Pole kwa mama.

Simba wa Igoma

Mzee heshima yako. Mimi kwenye ajira bado nasimama nilipo, lakini hiyo ya baiskeli nimeielewa.

Mtu wa Giza

Wakuu narudi kutoa mrejesho, zimepita siku nne.

Mbalamwezi imeanza kwa hiyo hakuna anayeingia majini, Mama Kulwa yuko nyumbani mapema. Juzi watoto walipolala nikamwambia nina jambo. Nikazunguka sana, nikaanzia injini, nikapitia mvua, kama nilivyofanya kwenye uzi huu. Mwishoni nikasema: zile ndoo 60 sikumuuzia mtu wa Kome.

Akanyanyuka. Nikajua imeharibika. Akarudi na lile daftari lake la mistari analotembea nalo, akafungua, akanionyesha. Tarehe ile ile. Mitumbwi yote imeandikwa na ndoo zake, wangu umeandikwa "B. Kulwa", mbele yake 60, afu kachora kistari, hajaandika bei. Alijua siku ile ile saa mbili asubuhi. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema "ningesemaje, ungesema nakufuatilia kama mfanyakazi". Afu akasema alipoona zile mvua alituma kijana aende akaziokoe azilete kwenye chanja lake kimya kimya, yule jamaa akakataa, alidhani anataka kumdhulumu.

Tulikaa. Sikumwambia kuhusu huu uzi na msiniulize.

Ya usimamizi nimemwambia hapana na nimemwambia kwa nini, ile kama wengine. Akaziba uso na kanga, akasema alikaa na sentensi ile siku tatu anaipanga. Mama wa Pasiansi nilikukumbuka. Nikamuuliza na saluni bado inamuuma? Akasema "sana", bila hata kufikiri, tukacheka wote wawili ila yeye alicheka kidogo kuliko mimi.

Tulichofikia: giza lijalo naondoa mtumbwi wangu pale naupeleka mwalo mwingine, kuna binamu yangu yuko huko. Mzigo utakuja kwake kwa bei ya siku. Asubuhi za watoto tunagawana, wiki ya giza dada yake atakuja kulala hapa kwa sababu wote wawili tutakuwa nje. Injini mbovu jana nimeiuzia fundi wa Mabatini kwa hela ambayo siitaji, ni aibu. Mama yangu bado sijamwambia chochote na sidhani kama nitamwambia, nikifika siku hiyo na beseni liko mkononi nitaendelea kuanika.

Leo asubuhi kijana mmoja wa wale wawili kapiga simu. "Shemeji, bosi hapatikani, betri za taa ziko wapi?" Nikamwelekeza. Stoo, nyuma ya magunia, kushoto.

Dada wa Mwaloni

Safi. Sasa yule jamaa wa mchangani aliyekula nusu ya hela yako, usimwache hivi hivi. Nitumie jina lake inbox. Mi nadhani namjua, na kama ndo yeye, Jumamosi huwa anashusha magunia hapa mlango wa pili.

Mtu wa Giza

Nimekutumia.

Dada wa Mwaloni

Ndo yeye. Njoo Jumamosi saa kumi na mbili, na uje na daftari la mkeo.